Baraka: Anayezama kutafuta maiti adaiwa vyeti vinne, anayebeba watu mia hadaiwi hata kimoja

Wandugu wasikilizaji na wasomaji wa Baraka mjini, wa Fizi-centre, wa Mboko, Sebele na Yungu, na ninyi mulio kambini au katika familia zilizowapokea, leo siandiki habari ya vita. Naandika habari ya ziwa, maana ziwa nalo linaua, tena linaua hata siku ambazo bunduki zimenyamaza.

Kuna video inapita kwenye simu zetu. Inaonyesha mzungu mmoja anaingia majini akiwa na sanduku mgongoni. Hatoi mapovu. Anashuka kimya kama samaki, anakaa chini muda mrefu kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumwona, kisha anapanda polepole. Chini yake mtu ameandika: «Hawa ndio tunaowahitaji Baraka.» Na sasa kuna vijana wanaandika barua ya kuomba wafadhili watuletee mashine mbili za namna hiyo, ili boti ikizama tena, ndugu zetu watolewe na kuzikwa. Mmoja wao aliniletea barua niitangaze. Nikamwuliza: nani ataivaa? Akanijibu bila kusita: «Sisi wenyewe. Watoto wa ziwa hawafundishwi maji.»

Nimekataa kuitangaza ilivyo. Sababu nazitoa hapa hadharani, maana sitaki iseme mtu kwamba nimewavunja moyo vijana nyuma ya migongo yao.

Kwanza niseme kwamba uchungu wa barua ile naufahamu. Nilikaa ufukweni siku tatu na familia moja iliyokimbia kutoka Uvira. Boti ilipinduka karibu kabisa, watu wa nchi kavu wakiona. Baba wa familia hiyo alikuwa anamsimamisha kila mvuvi anayerudi na kumwuliza neno moja: «Mumetafuta wapi?» Hakuna aliyeweza kumjibu, maana hakuna kamba iliyofungwa, hakuna alama iliyowekwa, kila mtu alizama alipotaka. Kijana mmoja alikuwa anashuka na jiwe mkononi, pumzi moja tu, anarudi na damu puani. Alishuka mara tatu. Mara ya nne alikataa. Watu wakamtukana, wakamwita mwoga mbele ya mama zake. Mimi nilikuwepo na sikusema kitu. Leo ningesema kwamba yule kijana peke yake ndiye aliyefanya kazi kama mtu aliyefundishwa, kwa sababu somo la kwanza la mzamiaji, kabla ya chupa na kabla ya mashine, ni haki ya kusema «sishuki» bila kuulizwa sababu.

Sasa tuitazame mashine yenyewe. Wenye Kifaransa huiita resikleri. Mzamiaji wa kawaida anabeba chupa ya hewa iliyoshindiliwa. Anavuta, anatoa, na pumzi yake inapotea majini kwa mapovu. Resikleri haipotezi kitu. Pumzi unayotoa inapita katika mkebe wenye chokaa maalum inayonasa ile hewa chafu ya kaboni, kisha mashine inaongeza oksijeni kidogo kufidia ile mwili uliyotumia, na unavuta tena pumzi ile ile. Ndiyo maana hakuna mapovu, na ndiyo maana mtu anaweza kukaa chini kwa saa nyingi na mitungi midogo miwili.

Ni akili kubwa, sikatai. Lakini sikilizeni inavyoua. Oksijeni ikipungua ndani ya mzunguko ule, hausikii kitu. Hausikii kubanwa wala kiu ya hewa. Unazimia tu, mara nyingi ukiwa na furaha. Oksijeni ikizidi, unashikwa na degedege chini ya maji na kinywa kinaachia bomba. Chokaa ikichoka au ikipakiwa vibaya, hewa chafu inarudi kwenye mapafu, kichwa kinauma, pumzi zinakimbia, na akili ya kuamua inaondoka wakati ambapo unaihitaji. Maji yakiingia kwenye chokaa, unaweza kuvuta dawa inayochoma koo. Mwenye chupa ya kawaida, chupa ikiharibika anajua papo hapo, maana hewa inakataa kutoka. Mwenye resikleri anaweza kuendelea kupumua vizuri kabisa kitu kinachomwua.

Kwa hiyo dunia nzima ikaweka ngazi. Vijana wa barua hawakuiandika hata kwa mstari mmoja, basi niieleze.

Huanzi na resikleri. Unaanza na chupa ya kawaida kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Cheti cha kwanza cha PADI, shirika linalojulikana sana, kinakuruhusu mita 18. Cha pili mita 30. Mwisho wa uzamiaji wa kawaida ni mita 40, na hapo ni kwa waliofundishwa kina. Katikati unajifunza kuokoa mwenzako, unajifunza kutumia hewa iliyoongezwa oksijeni, na unaandika kila mzamo katika daftari lako. Ukiwa na mizamo kadhaa ya kutosha, siyo mitatu ya kujaribu, ndipo mwalimu wa resikleri anakubali kukutazama.

Halafu ngazi za resikleri nazo zinaanza upya kutoka chini. PADI wanaziita kwa namba: 40, 60, 100. Ndizo mita. Ya kwanza unashuka na hewa ya kawaida kama hewa ya kuchanganyia. Kwa ya 60 na ya 100 unahitaji heliamu, gesi nyepesi ya bei kali, kwa sababu hewa ya kawaida huko chini inamlevya mtu kama pombe. Mashirika mengine kama TDI na IANTD yana majina yao, lakini mpando ni ule ule. Kati ya ngazi na ngazi wanataka saa za kazi ndani ya maji, siyo siku za kukaa darasani. Na hili ndilo wengi hawalijui: cheti ni cha mashine moja. Ukifundishwa kwenye mashine ya kampuni hii, huruhusiwi kuvaa ya kampuni ile mpaka ufundishwe tena. Ni kama mtu mwenye breve ya pikipiki aambiwe hiyo haimpi ruhusa ya kuendesha lori. Tungeona ni jambo la kawaida kabisa.

Najua watu watasema: vyeti ni biashara ya wazungu, kadi inalipiwa dola, vitabu ni vya Kiingereza, na babu zetu walizama bila kadi. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mashirika yale ni biashara, na kadi inalipiwa. Lakini ngazi yenyewe haikuandikwa na wafanyabiashara. Iliandikwa na maiti. Kila mstari wa «usifanye» una mtu aliyefanya.

Nitawapa mmoja. David Shaw alikuwa rubani wa ndege, Mwaustralia, na mmoja wa watu waliozama kina zaidi duniani kwa resikleri. Oktoba 2004, ndani ya shimo la Boesmansgat huko Afrika Kusini, kwenye kina cha mita 270, aliona mwili wa kijana aliyefia humo mwaka 1994. Aliwaahidi wazazi wa kijana kwamba atarudi kumchukua. Alijiandaa kwa miezi, akapanga timu, akaleta madaktari na polisi. Tarehe 8 Januari 2005 akashuka. Mwili ulikuwa haujashikamana na tope kama alivyodhani, ulielea, kamba ikamnasa, akahangaika, pumzi zikawa nyingi, hewa chafu ikamzidi. Akafa pale pale. Siku chache baadaye miili yote miwili ilipanda pamoja kwenye kamba. Rafiki yake aliyekuwa akimsaidia, naye mwenye resikleri, alipona kwa shida na madhara mwilini.

Huyo alikuwa na vyeti vyote. Alikwenda kufanya kazi ile ile ambayo vijana wetu wanataka kuifanya: kurudisha mwili kwa wazazi. Kama ziwa linaweza kummeza mtu wa aina hiyo, nani ananiambia niwape mashine vijana waliotazama video?

Na ziwa letu lina mambo yake, wandugu. Tanganyika liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Wengi wanadhani hilo ni neno la jiografia tu. Kwa mzamiaji ni neno la uhai. Majedwali ya muda wa kukaa chini na muda wa kusimama njiani wakati wa kupanda yalipigwa hesabu kwa bahari. Juu ya mita 300 hivi, waalimu wanahesabu kwamba unazama mlimani, na majedwali lazima yabadilishwe, kwa sababu hewa ya juu ya maji ni nyepesi zaidi na gesi iliyoingia mwilini inatoka kwa fujo zaidi. Mtu aliyefundishwa Mombasa au Zanzibar, akija hapa na hesabu zake za bahari, anaweza kutoka majini akicheka na jioni akapooza miguu. Baya zaidi, akitoka majini apande pikipiki kwenda kulala Fizi-centre, juu kwenye milima, amejiongezea hatari mwenyewe. Na akipooza? Dawa yake ni chumba cha chuma cha kurudishia shinikizo. Baraka hakuna. Ni kumtafutia ndege, na ndege nayo inapanda juu.

Tena kina. Ziwa linafika mita 1,470 sehemu ya ndani kabisa, na kingo zake mahali pengi zinaporomoka kama ukuta. Fikirini maana yake. Boti ikizama kwenye gati au kando ya ufuko, mara nyingi ni mita chache, mzamiaji wa chupa ya kawaida anatosha. Boti ikizama katikati, kwenye njia ya Kigoma, chini yake kuna mamia ya mita za maji, na hakuna mzamiaji katika dunia hii, mwenye resikleri au mwenye mabawa, atakayefika. Resikleri inasaidia katika ukanda mwembamba tu kati ya hapo. Wazanzibari walijifunza hili kwa machozi: meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 katika mkondo kati ya Unguja na Pemba, waliitwa wazamiaji kutoka Afrika Kusini, wakafika, wakatazama kina na nguvu ya mkondo, na kazi ikaachwa. Familia nyingi hadi leo hazina kaburi.

Je, nasema wazamiaji hawana maana? Hapana kabisa! Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara katika ziwa Victoria, watu zaidi ya 220 walikufa. Lakini siku mbili baadaye wazamiaji walimkuta fundi wa injini hai, ndani ya chumba kilichobaki na hewa. Hao hawakutumia miujiza. Walikuwa watu wa kazi, waliofundishwa, waliofika. Na Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri likiwa na mama na binti yake, wazamiaji wa jeshi la majini la Kenya, wakiongezewa wengine kutoka Afrika Kusini, walichukua karibu wiki mbili mpaka gari likapatikana kwenye kina cha mita 58. Kenya nzima ilikuwa inawatukana kwa kuchelewa, kama vile sisi tulivyomtukana yule kijana. Mita 58 siyo mchezo! Ni nje ya mpaka wa chupa ya kawaida kwa mita 18 nzima. Walichelewa, lakini walirudi wote wazima, na familia ilizika.

Tazameni pia Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja, watu 43 ndani, 19 wakafa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi. Kijana Majaliwa Jackson alikwenda na mtumbwi na kasia, akajitahidi mpaka akapoteza fahamu. Serikali ya Tanzania ilifanya nini? Haikumnunulia mashine akajizamie. Iliamuru aingizwe katika jeshi la zimamoto na uokoaji, apate mafunzo. Ujasiri alikuwa nao tayari. Kilichobaki ni kuupa shule. Hapo ndipo ningependa vijana wa barua watazame.

Lakini bado sijafika kwenye kinachoniuma zaidi.

Hesabuni pamoja nami. Mtu anayetaka kuzama na resikleri, ambaye akikosea anakufa peke yake, dunia inamdai cheti cha kwanza, cha pili, cha uokoaji, cha resikleri, tena kwa kila mashine. Je, mtu anayewasha moteri hapa kwetu, akapakia mama, watoto, magunia ya mihogo, madumu ya mafuta, mbuzi na godoro, watu mia kwenye boti ya watu arobaini, akaingia ziwani usiku upepo ukianza, anadaiwa nini? Anadaiwa pesa ya kizuizi. Akilipa, anapita. Sijawahi kuona abiria akimwuliza nahodha breve yake, na sijawahi kuona nahodha akiombwa breve na mtu aliyekwisha kupewa kitu mkononi. Sheria ya jile, lile koti la kuelea, ipo. Marufuku ya kusafiri usiku imetangazwa mara ngapi katika nchi hii? Inatangazwa baada ya mazishi, inakufa kabla ya arobaini.

Kwa MV Nyerere, Rais Magufuli mwenyewe alisema kwamba nahodha alimwachia usukani mtu asiye na mafunzo. Kivuko kile kilijengwa kubeba watu 101. Hapa kwetu Kongo, Desemba 2014, MV Mutambala, yenye jina la mto wetu wenyewe, ilipinduka kwenye ziwa hili ikielekea Uvira. Watu 129 walihesabiwa kuwa wamekufa, na mzigo kupita kiasi ulitajwa. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama ziwa Kivu mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa pale wakitazama kwa macho. Baada ya hapo wakubwa wa mikoa miwili wakatoa hesabu mbili zisizofanana kabisa za waliokufa. Siwacheki, maana hesabu ingetoka wapi? Orodha ya abiria ikikosekana, hata mzamiaji bora wa dunia hajui anatafuta watu wangapi, wala hajui siku ya kuacha.

Na tangu Februari 2025, watu wa Uvira na uwanda wa Ruzizi walipoanza kushuka kwetu na kuvuka kwenda ng'ambo, boti zimejaa kuliko zamani. Mtu anayekimbia risasi hana nafasi ya kuchagua nahodha. Ndiyo maana wengine wanapaswa kumchagulia. Wazee munakumbuka, miaka ya 2005 na kuendelea, wakimbizi wetu waliporudi kutoka Kigoma kwa MV Mwongozo chini ya HCR: kila mtu aliandikwa jina kabla ya kupanda, na aliposhuka Baraka jina lilisomwa tena. Hakukuwa na uchawi. Kulikuwa na karatasi na mtu wa kuisoma. Tuliweza basi, katika nchi ile ile, kwenye ziwa lile lile.

Kwa vijana wa barua, basi, nasema hivi. Futeni mashine mbili. Bei ya resikleri moja ni maelfu ya dola, na hapo bado hujanunua chokaa, ambayo inabadilishwa baada ya saa chache za kazi, wala vipimo vya oksijeni vinavyozeeka hata kama hukuzama. Na oksijeni safi yenyewe muitoe wapi? Ile ile ambayo watoto wachanga wanaingojea hospitalini? Mashine itakaa kwenye ofisi, ipigwe picha na mgeni, kisha siku ya msiba mtu mwenye uchungu ataivaa bila kujua, na tutakuwa na maiti ya pili.

Badala yake ombeni watu. Vijana sita au nane wa kike na wa kiume, wapelekwe kufundishwa chupa ya kawaida mpaka ngazi ya uokoaji, kisha kazi ya kutafuta kwa kamba katika maji yasiyoonekana, ambayo ni fani ya peke yake na ina vyeti vyake. Kwenye mdomo wa Mutambala wakati wa mvua huoni mkono wako. Resikleri haikusaidii kitu pale, kamba na mwenzako aliyeishika juu ndivyo vinavyosaidia. Wafundishwe hesabu za ziwa lililo mlimani. Kenya na Tanzania wana wazamiaji wanaosema Kiswahili, hakuna haja ya kumtafuta mwalimu anayehitaji mkalimani. Mpaka wao uandikwe wazi, mita 30, na familia ziambiwe kabla ya msiba, siyo siku ya msiba: chini ya hapo hatushuki. Mtu asitukanwe kwa hilo.

Na wakirudi na kadi, wasiziweke kabatini. Mzamiaji aliyekaa mwaka bila kuzama amerudi nyuma, hata kama kadi yake bado inang'aa. Kila mwezi wazame, wapige kamba, wamtoe mtu wa kuigiza chini ya gati. Hilo linahitaji compresa ya kujazia chupa hewa safi, siyo ile ya fundi wa matairi yenye moshi wa mafuta. Ndiyo bei ya kweli ya jambo hili, na ni ndogo kuliko mashine mbili.

Lakini ukurasa wa kwanza wa barua usiwe huo pia. Ukurasa wa kwanza uwe wa wale wanaokaa juu ya maji. Nahodha apimwe kabla ya kupewa boti: anajua kusoma upepo wa ziwa, anajua idadi yake, anajua kuzima moteri na kuwaweka watu chini boti ikianza kuyumba. Namba ya abiria ichorwe ubavuni kwa rangi, ili hata asiyesoma Kifaransa aione. Jile moja kwa kila mtu, na mtoto awe na ya kwake, siyo kushikwa mikononi na mama. Majina yaandikwe, nakala ibaki nchi kavu. Mwenye boti atasema jile ni ghali. Basi aulizwe ni nauli za safari ngapi, na ajibu mbele ya watu.

Wakubwa wa bandari watasema wao hawana uwezo. Kuhesabu watu wanaopanda hakuhitaji uwezo, kunahitaji vidole.

Yule kijana wa jiwe nimemwona juzi, anauza ndagala kando ya barabara. Nilimwuliza kama angekubali kwenda kufundishwa. Akaniuliza kwanza kama huko wanafundisha pia namna ya kukataa. Nikamwambia ndiyo, ndilo somo la kwanza. Akasema basi jina lake liandikwe. Barua bado haijatumwa, na wenye kuiandika wanajua ninapokaa. Waje na kalamu, tuanze na ukurasa wa nahodha.